Mfumaji Aliyemtafuta x Mara Tano

Kobla Dogbey alifeli hesabu mara nne, na mara zote nne mji mzima wa Kpetoe ulijua kabla hajafika nyumbani. Sisi watu wa Kpetoe hatuna dogo. Mtu akinunua mbuzi tunajua, akinuniana na mkewe tunajua, na matokeo ya mtihani yakitoka ndiyo kabisa, yanapita kibanda hadi kibanda cha wafumaji kabla redio haijasema lolote. Mara ya kwanza watu walimpa pole. Mara ya pili pole zilikuwa chache. Mara ya tatu walimcheka, na mara ya nne hawakumcheka tena, wakawa wanabadili mazungumzo akitokea. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Wala si kwamba alikuwa mjinga, na hapo ndipo mimi hukasirika nikisikia habari zake zikisimuliwa na watu wasiomjua. Kobla alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na tangu akiwa na miaka tisa alikaa kwenye mtambo wa kufumia kente. Aliweza kutanda nyuzi mia mbili na arobaini bila kuhesabu kwa mdomo, vidole vikimwambia alipofika. Ukimletea picha ya nguo aliyofuma babu yako, alikuwa akiitazama kitambo kidogo, kisha akakutajia rangi zilivyopangwa na mahali babu yako alipokosea, upende usipende. Kiingereza alifaulu. Sayansi aliipita kwa kujikokota, lakini aliipita. Hesabu tu ndiyo iliyomkaba koo, na ndani ya hesabu ni aljebra, na ndani ya aljebra ni ile milinganyo miwili inayokuja kwa pamoja, yenye x na y, ambayo haikosi kwenye karatasi mwaka hata mmoja.

Mwaka huo jambo lilikuwa zito. Shule ya ufundi ilikuwa imebaki bila mwalimu wa kufuma, na mkuu wa shule, Bwana Amegashie, alikuja mwenyewe kibandani, akakaa kwenye kigoda cha mwanagenzi na suti yake.

"Nafasi ni yako, Efo Kobla," alisema, akimwita kaka kama tunavyoitana. "Wanafunzi wanakutaka, mimi nakutaka. Lakini ofisini wanataka cheti, na cheti kisicho na hesabu hawakigusi. Nimewabembeleza wasubiri mpaka katikati ya mwezi wa kwanza. Baada ya hapo wataniletea mtu wao."

"Huyo mtu wao anajua kufuma?"

"Ana cheti."

"Nimekuuliza anajua kufuma?"

"Na mimi nimekujibu, ana cheti. Usinikasirikie mimi, kakangu. Fanya mtihani."

Kobla aliitaka kazi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Akiwa na miaka kumi na saba alikuwa ameshajiona mwalimu, ameshachagua hata viatu, kisha hesabu ikamfungia mlango. Tangu hapo alifundisha vijana kibandani, mmoja mmoja, na kila mmoja akiiva alipanda gari kwenda Accra kuuza simu. Shuleni wangekuwa ishirini kwa mpigo. Hata kumi na tisa wakitoroka, alikuwa akimwambia mkewe, mmoja atabaki.

Basi akajiandikisha mara ya tano, na kila siku saa kumi alasiri aliweka chini makoma, vile vitanzi vya kuinulia nyuzi, akajipangusa vumbi la pamba kwenye nywele, akaenda darasani nyuma ya kanisa. Walikuwa watu kumi na mmoja, wote wa kurudia. Aliyewafundisha ni Madam Sefakor, msichana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, ambaye Kobla angeweza kumbeba mgongoni alipozaliwa.

"Machungwa mawili na mananasi matatu yana uzito wa kilo kumi na sita," Madam Sefakor alisema, akiandika ubaoni. "Chungwa moja na nanasi moja, kilo sita. Chungwa ni x, nanasi ni y. Kila moja lina uzito gani?"

Kobla akanyoosha mkono. "Madam, chungwa gani hilo la kupimwa kwa kilo?"

"La kwenye mtihani."

"Na huyo mtu aliyeyapima yote pamoja, mizani si anayo? Kwa nini asipime moja moja, akatuacha tupumzike?"

Darasa likacheka. Madam Sefakor naye akacheka, kisha akakaza uso. "Kwa sababu wanaotunga mtihani hawataki upumzike, Efo Kobla. Njoo ubaoni."

Akaenda ubaoni, akasimama na chaki mkononi, akarudi alivyokwenda. Namba alizielewa. Namba moja isiyojulikana pia aliielewa, maana hiyo unaizungushia mpaka inatoka. Lakini zikiwa mbili, kila alipomshika x aliona lazima kwanza amjue y, na kumjua y lazima kwanza amshike x, akawa anazunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti.

Kibandani hakukuwa na nafuu. Mtambo wa jirani ulikuwa wa Efo Nukunu, fundi hodari, mdomo wake mrefu kuliko mtande wake, zile nyuzi ndefu zinazonyooshwa uwanjani. Nukunu hakuwahi kufanya mtihani wowote. Aliacha shule darasa la nne, na kwa hiyo alijiona ana haki ya kuzungumzia mitihani ya kila mtu.

"Efo Kobla, umempata x?"

"Fuma nguo yako, Nukunu."

"Mimi nakusaidia tu. Mwaka wa ngapi huu unamtafuta? Mpaka wa Togo uko hapo tu. Mtu akitafutwa hivyo si atavuka? Nenda Lomé, utamkuta anakunywa bia na y."

Vijana wakacheka mpaka mmoja akakata uzi. Kobla akaendelea kufuma. Alikuwa amejifunza kwamba Nukunu ukimjibu unamwongezea kuni.

Siku moja ya mwezi wa tisa alikuwa akipanga mikanda ya nguo kabla ya kuishona. Nguo yetu hufumwa mkanda mrefu mmoja mwembamba, kisha hukatwa vipande, na vipande hushonwa ubavu kwa ubavu. Kobla alilaza mikanda miwili kwenye mkeka. Mmoja ulikuwa na sehemu tatu nyekundu na mbili za njano, na alikuwa ametoka kuupima, shubiri kumi na sita. Wa pili ulikuwa mfupi, wa kiraka cha begani, nyekundu moja na njano mbili, shubiri nane. Akauweka ule mfupi juu ya ule mrefu aone kama rangi zimelandana.

Njano zikafunika njano. Nyekundu moja ikafunika nyekundu moja. Ule mrefu ukabaki umechungulia, nyekundu mbili, basi, hakuna njano tena.

Kobla akachuchumaa. Kumi na sita, toa nane. Hizi nyekundu mbili zilizobaki ni shubiri nane, kwa hiyo moja ni nne. Hakuwa amepima nyekundu hata moja. Akanyoosha mkono, akaipima kwa shubiri. Nne. Akapima nyingine. Nne. Kisha akajiambia polepole kwamba ule mfupi una nyekundu moja ya nne, na jumla yake nane, kwa hiyo njano mbili zinakula nne, na njano moja ni mbili. Akaipima njano. Mbili.

"Nimemshika!" akapiga kelele.

"Nani?" Nukunu akauliza, akidhani ni mwizi.

"x!"

"Haya, mfunge kamba kabla hajakimbia."

Siku hiyo alifika darasani nusu saa kabla ya wote, mikanda begani. Madam Sefakor akamtazama akiilaza mmoja juu ya mwenzake, akifunika njano kwa njano, na macho yakamng'aa. "Hiyo ndiyo njia yenyewe, Efo Kobla! Kinacholingana kinaondoka, kinabaki kimoja. Na kama hakuna kinacholingana?"

"Naufuma ule mfupi tena mpaka zilingane."

"Sawasawa kabisa! Unazidisha!"

Wiki ile Kobla alitembea kifua mbele. Alimpa mkewe, Akuvi, habari za x na y mpaka Akuvi akamwambia awaache nje wakati wa kula. Alimaliza akple, ugali wetu wa mahindi, na supu ya bamia huku akichora milinganyo mezani kwa kidole.

Kisha Madam Sefakor akatoa jaribio. Kobla akapata maswali sita, akakosa manne. Akarudia nyumbani, akakosa yale yale manne. Akapewa mengine, akapata yale mepesi, mengine yote chali. Lile la machungwa na mananasi alilifanya mara saba, na mara zote saba akaambulia y ni kumi na x ni hasi nne. Aliijua hesabu ya kutoa, hakukosea kutoa. Alizidisha vizuri, akaondoa vizuri, na mwisho wake ulikuwa upuuzi mtupu.

Kosa lake lilikuwa kuliacha daftari wazi kibandani.

"Hasi nne," Nukunu alisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, akaelezwa na kijana mmoja maana yake. "Yaani nyekundu yenye urefu wa kasoro shubiri nne? Efo, hiyo nguo anavaa nani? Jini?"

Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Kobla akalichukua daftari, akalitia kwapani, akaenda nyumbani saa tano asubuhi, jambo ambalo halikuwahi kutokea isipokuwa msibani.

Akuvi alikuwa uani akifunga abolo, mikate ya mahindi ya mvuke, kwenye majani kwa ajili ya soko la jioni. Alisogeza kigoda kwa mguu, Kobla akakaa.

"Mwaka huu siendi," Kobla akasema.

"Sawa."

"Nimechoka kuwa kichekesho. Waniletee huyo mtu wao mwenye cheti."

"Sawa."

"Mbona unasema sawa, sawa?"

Akuvi akaacha majani. "Unataka niseme nini? Nilikuambia usiende mara ya tatu, ukaenda. Nilikuambia usiende mara ya nne, ukaenda. Leo unasema mwenyewe huendi, nami nasema sawa. Lakini Kobla, ukibaki, usibaki hapa uani na macho hayo. Mimi nimeolewa na mtu. Macho hayo sikuolewa nayo."

Kobla akainamisha kichwa. Alikuwa na huzuni nzito, na aibu juu ya huzuni, maana mtu wa miaka arobaini na mitatu hapaswi kununa kwa sababu ya chungwa na nanasi. Akaingia ndani akalala mchana.

Alipolala, Akuvi akanawa mikono, akalichukua lile daftari, akaenda moja kwa moja kwa Madam Sefakor. Mwenyewe alisoma mpaka darasa la sita tu, lakini jambo moja alikuwa ameliona kwenye kurasa zile, na alilisema akiwa bado mlangoni.

"Madam, tazama. Kila alilokosa, amekosa kwa namna ile ile. Mtu anayebahatisha hakosi hivyo. Wewe umemwekea mkasi wa kukosa hapa, na hapa, na hapa. Mimi sitaki mkasi. Nataka uniambie anakosa wapi."

Madam Sefakor akalipokea daftari, akasoma amesimama. Akaona kwamba ni kweli. Kila alipozidisha, Kobla alizidisha x, akazidisha y, na namba iliyo upande wa kulia wa alama ya sawasawa akaiacha vile vile ilivyokuwa. Madam alikuwa amemwandikia mara nne kwa wino mwekundu, "Zidisha kote," na mara nne Kobla alikuwa ameandika chini yake kwa adabu, "Ndiyo Madam," kisha akarudia kosa. Hapo binti akaona haya kidogo, kwa sababu hakuwahi kumuuliza kwa nini.

Jumamosi asubuhi akaja kibandani. Kobla alikuwa amerudi kazini, kwa vile mambo ya nguo hayangoji mtu kumaliza huzuni. Mitande sita ilikuwa imenyooshwa kutoka kibandani ikikata uwanja, hatua sitini na zaidi, na mwisho wa kila mtande kuna jiwe limekaa juu ya ubao, ndilo linaloukaza. Huruki mtande wa mtu, na mtoto wa Kpetoe hahitaji kuambiwa. Madam Sefakor, ingawa kwao ni watu wa vitabu si wa nyuzi, alizunguka, akatembea mpaka kwenye jiwe la mwisho kabisa karibu na pipa la maji, akakunja kona, akarudi kwa upande wa pili mpaka kwenye mtambo wa Kobla. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi.

"Efo Kobla, za asubuhi."

"Njema, Madam. Kama ni habari ya mtihani..."

"Sikuja kukubembeleza. Nimekuja unifundishe." Akavuta kigoda. "Lile la machungwa. Lifanye hapa, kwa nguo. Nataka kuona mikono yako inafanya nini."

Mitambo ya jirani ikapunguza kelele. Nukunu alikuwa akifuma taratibu sana, na kichwa amekiinamisha upande mmoja.

Kobla akashusha pumzi. "Mkanda wa kwanza. Nyekundu mbili, njano tatu, umekula shubiri kumi na sita."

"Naam."

"Mkanda wa pili. Nyekundu moja, njano moja, shubiri sita. Nyekundu hazilingani, kwa hiyo huu wa pili naufuma mara mbili. Nyekundu mbili, njano mbili."

"Na shubiri?"

"Sita."

"Kwa nini sita?"

Kobla akamtazama vizuri, aone kama anatania. "Madam, mtande si huu hapa? Nimeutanda Jumatatu. Nikifuma mkanda mmoja, mtande ni huu. Nikifuma miwili, ni huu huu. Nikifuma nguo nzima ya mikanda ishirini na minne, ni huu huu mmoja. Rangi naongeza, mtande siongezi. Fundi gani anatanda mara mbili?"

"Labda wa Accra," Nukunu akasema.

Madam Sefakor hakucheka. Aliutazama mtande ule mrefu unavyokwenda mpaka mwisho wa uwanja. Ndipo akaelewa alichokuwa akikiona Kobla miaka yote hiyo kila alipoona alama ya sawasawa. Aliona mtande. Kitu kinachotangulia, kinachobeba vyote, kisichobadilika.

"Lile jiwe lako," akasema. "Nimelizunguka sasa hivi, liko kwenye pipa. Jumatatu lilikuwa hapo?"

"Hapana. Jumatatu lilikuwa kule kwenye ukuta wa kanisa."

"Nani alilisogeza?"

"Linajisogeza. Nikifuma, nguo naizungushia hapa tumboni, nalo linakuja."

"Linakuja kiasi gani?"

"Kiasi nilichofuma. Si zaidi, si pungufu."

"Ukifuma huu mkanda wa pili mara moja, litasogea shubiri ngapi?"

"Sita."

"Na ukiufuma mara mbili?"

Mkono wa Kobla ulikuwa bado umeshika kichana cha kubania nyuzi. Aligeuka akalitazama jiwe lake kule kwenye pipa la maji, akatazama ukuta wa kanisa ulipo, akarudisha macho kwenye jiwe.

"Kumi na mbili," akasema.

"Sasa kwa nini umeandika sita?"

Hakuna mtambo uliokuwa unalia tena. Kobla akanyoosha mkono, Madam akampa daftari na kalamu. Akakata sita kwa mstari mmoja, akaandika kumi na mbili. Kumi na sita, toa kumi na mbili. Njano tatu, toa njano mbili. Njano moja, shubiri nne. Nyekundu moja na njano moja ni sita, kwa hiyo nyekundu ni mbili. Akarudisha namba zote mahali pake kwenye mkanda wa kwanza, nyekundu mbili ni nne, njano tatu ni kumi na mbili, jumla kumi na sita. Zikakaa.

"Ile namba ya kulia si mtande uliotandwa, Efo Kobla," Madam Sefakor akasema kwa sauti ya chini isiyo yake. "Ni mwendo wa jiwe."

Kobla akacheka. Alianza kwa kicheko kidogo, kikawa kikubwa, kisha kikageuka hasira, akapiga goti lake kwa kiganja. "Miaka ishirini na sita, Madam! Miaka ishirini na sita nalitazama jiwe hili linakuja, nikiandika halikuja!"

Furaha iliyompata ilikuwa na uchungu ndani yake, na haikumtoka siku nzima. Lakini saa kumi alikuwa darasani, na safari hii alikwenda ubaoni bila kuitwa.

Mtihani ulifanyika mjini Ho, mwezi wa kumi na moja, kwenye ukumbi uliojaa vijana wenye nywele za kila mtindo. Kobla alikuwa amevaa shati la kanisani. Mlangoni msimamizi akamgusa bega kwa heshima. "Baba, wazazi wanasubiri nje, kwenye kivuli."

"Mimi ndiye mtahiniwa."

"Samahani, Baba. Pita."

Swali lenyewe lilikuwa la saba. Tano x toa mbili y ni kumi na moja, tatu x jumlisha y ni kumi na moja. Kobla alipoona ile alama ya kutoa akalisoma swali tena. Akajikumbusha aliyofundishwa, kwamba y ya kutoa ni njano ambayo mkanda unaidai, ukiukutanisha na mkanda wenye njano ya ziada, deni linajifuta lenyewe. Kwa hiyo hapa hufuniki, hapa unaunganisha. Akaufuma mkanda wa pili mara mbili. Sita x, mbili y. Mkono wake, kwa mazoea ya zamani, ukaanza kuandika kumi na moja upande wa kulia, hasa kwa kuwa kumi na moja zilikuwa mbili zimekaa zinamtazama kwa utulivu. Ukaandika moja, ukasimama.

Aliona jiwe. Likasogea mara moja, likasogea tena.

Akafuta, akaandika ishirini na mbili. Akaunganisha, akapata kumi na moja x ni thelathini na tatu. x ni tatu. y ni mbili. Alizirudisha mahali pake mara mbili, zikakaa mara mbili, akageuza ukurasa. Swali la tisa lilikuwa la duara na lilimtoa jasho, la kumi na moja hakuligusa kabisa. Alitoka pale hajui kama zitatosha.

Desemba ilikwenda polepole. Nukunu hakumtania. Mwaka mpya ukaingia, siku zikaanza kuliwa, katikati ya mwezi ikawa inakuja mbio, na matokeo hayajatoka. Bwana Amegashie alipita kibandani mara mbili, akasalimia, akaondoka bila kukaa. Mara ya pili alisema tu kwamba mtu wao alikuwa ameshapiga simu kuulizia nyumba ya kupanga.

Tarehe kumi na mbili, baada ya chai, Akuvi alirudi kutoka dukani na kadi ya kuangalizia matokeo. Kobla akakataa kuikwangua.

"Kwangua wewe."

"Mtihani nimefanya mimi?"

"Akuvi, tafadhali."

Akuvi akaikwangua kwa ukucha, akaingiza namba kwenye simu, wakangoja mtandao. Kobla alikuwa ameegemea ukuta, ameupa mgongo uwanja wote. Alisikia mkewe akipumua.

"Inakuja. Jina lako hili hapa. Hesabu..." Akuvi akasita. "C sita."

"Soma tena."

"C sita. Kwani sita ni mbaya? Kobla? Si ni ndogo sana?"

"Ndiyo ya mwisho wanayoipokea," Kobla akasema. "Chini ya hapo hawagusi."

"Kwa hiyo wanaipokea?"

"Wanaipokea."

Alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, kwenye udongo, na shati safi, akalia. Simfichii. Alilia kwa sauti, na Akuvi akasimama juu yake akipiga vigelegele mpaka jirani wa kwanza akatokea na mwiko mkononi, na kufikia saa nne Kpetoe nzima ilikuwa inajua, na safari hii tulijua jambo la kufurahisha.

Jumatatu asubuhi mtambo wake ulihamia shuleni. Kobla alifika kibandani akiwa na nia ya kukodi mkokoteni, akakuta wameshaufungua. Kijana mmoja alikuwa na makoma, mwingine na viguzo, na Nukunu alikuwa amejitwika lile jiwe kichwani, lililo zito kuliko vyote, shingo imekakamaa. Waliongozana barabarani mpaka darasani, wakaufunga mtambo kwenye kona yenye mwanga, vijana wakarudi kazini.

Nukunu hakuondoka. Alisimama akijifuta shingo kwa kitambaa, akiutazama ubao. Darasa lililotangulia lilikuwa limeacha hesabu bila kufutwa, mistari miwili, x na y.

"Hiyo ndiyo ile?" akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

"Siku ile alipokuja Madam nilisikiliza. Mpaka kwenye jiwe nilielewa. Baada ya hapo mlinikimbia." Akautazama mlango. Nje wanafunzi walikuwa bado wamejipanga mstarini, wakiimba. "Nionyeshe, kabla hawajaingia."

Kobla akachukua chaki. Nukunu akajibana kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakigonga ubao wa chini, akaweka mikono yake mikubwa juu ya meza.

"Ila usinicheke," akasema.

"Sikucheki," Kobla akamjibu, akaanza na mkanda wa kwanza.